Ndege Mwenye Samaki Mdomoni

Wanangu, sikilizeni. Chombo kikiwa katikati ya bahari kuu, kosa dogo halina madhara makubwa. Ukipotoka kidogo leo, kesho utajirekebisha. Hakuna mwamba wa kugonga wala pwani ya kuikosa. Shida huanza safari inapokaribia kwisha. Hapo ndipo rubani hukosa usingizi kabisa, kwa sababu nchi anayoitafuta ni ndogo, bahari ni kubwa, na akiipita usiku bila kuiona, mbele yake yako maji mengine yasiyo na mwisho. Leo nitawasimulia siku za mwisho za safari moja ya namna hiyo, mwaka 1980, katika Bahari ya Pasifiki. Ni hadithi ya kweli tupu. Haina sungura wala fisi, ila ina ndege mmoja, na ndege huyo ndiye mwenye hadithi.

Kwanza mkijue chombo chenyewe. Kinaitwa Hōkūleʻa. Ni mitumbwi miwili mirefu iliyolazwa sambamba, ikaunganishwa kwa maboriti, kisha juu ya maboriti pakatandikwa sitaha ya mbao. Urefu wake ni kama mita 19, na upana haufiki mita 6. Kina milingoti miwili, na matanga yake yana umbo la gando la kaa: ncha mbili zimesimama juu, katikati pamebonyea. Maboriti yake hayakupigiliwa misumari. Yamefungwa kwa kamba, kilometa nzima nzima za kamba, ili chombo kikipigwa na wimbi kinyumbuke badala ya kuvunjika. Watu wa Hawaii walikishusha majini Machi 1975.

Mliokulia pwani mmekwisha kuona ngalawa, na zile ndubi zake mbili za ubavuni zinazoizuia isipinduke. Wataalamu wengi wanaamini kwamba ufundi huo ulivuka Bahari ya Hindi pamoja na watu waliokwenda kuishi Madagaska, ambao asili yao ni visiwa vya Asia ya Kusini Mashariki. Mababu wa watu wa Pasifiki nao walitokea pande hizo hizo. Kwa hiyo Hōkūleʻa na ngalawa ya Bagamoyo ni ndugu wa mbali, wasiojuana ila wanafanana.

Kwa nini watu wa Hawaii walikijenga? Kwa sababu walikuwa wamechoka kuambiwa maneno. Wasomi wa Ulaya na Marekani walibishana kwa miaka mingi juu ya jinsi watu wa kale, wasio na chuma wala dira, walivyofika kwenye visiwa vilivyotawanyika katika bahari kubwa kuliko zote duniani. Mwaka 1947 Thor Heyerdahl wa Norwei alielea kwa chelezo kilichoitwa Kon-Tiki, kutoka Peru mpaka visiwa vya Tuamotu, akashikilia kwamba watu wa kwanza walitokea Amerika ya Kusini, wakichukuliwa na upepo na mkondo. Mwaka 1956 Andrew Sharp wa New Zealand akaandika kwamba safari ndefu za makusudi, za kwenda na kurudi, hazikuwezekana. Waliofika walifika kwa bahati, wamepotea. Hebu fikirini, wewe uambiwe kwamba babu zako hawakugundua kitu, walipotea tu. Na watu wa Hawaii hawakuwa na la kujibu, kwani kwao elimu ya kusafiri kwa nyota ilikuwa imekwisha kufa. Hakubaki mzee hata mmoja ambaye angeweza kukivusha chombo mpaka Tahiti, kilometa kama 4,000, bila dira na bila ramani.

Ikabidi watafute mtu mbali. Wakampata Mau Piailug, mzaliwa wa 1932 wa Satawal, kisiwa cha Micronesia chenye eneo la kilometa ya mraba moja na kidogo. Babu yake alimteua akingali mchanga. Alimweka kwenye vidimbwi vya pwani, maji yakijaa na kupwa, ili mwili wa mtoto uzoee mwendo wa bahari kabla ulimi wake haujazoea maneno. Alipokuwa mkubwa kidogo na akawa anatapika baharini, babu alimfunga kamba akamkokota nyuma ya mtumbwi ili alijue wimbi kutoka ndani yake. Nawaambieni tu ilivyokuwa, msijaribu. Jioni alipangiwa vijiwe kwa duara mchangani, kila kijiwe mahali pa nyota inapochomoza au inapotua, akavikariri mpaka akawa anaviona hata amefumba macho.

Mwaka 1976 Mau aliiongoza Hōkūleʻa kutoka kisiwa cha Maui, wakang'oa nanga tarehe 1 Mei. Hakuwa amewahi kufika Tahiti maishani mwake. Baada ya mwezi mmoja kisiwa cha Mataiva kikatokea mbele, na tarehe 4 Juni wakaingia Papeete, bandari ya Tahiti, ambako watu zaidi ya 17,000 walikuwa wamejaa ufukweni wakiwangoja. Watoto walipanda chomboni kwa wingi hata tezi ikazama majini.

Ningependa niseme kwamba mambo yakaenda vizuri tangu hapo, lakini hayakwenda. Safari hiyo ilikuwa na ugomvi mkali kati ya baadhi ya mabaharia, na Mau aliondoka Tahiti akarudi kwao, hakutaka kuwaona tena. Machi 1978 chombo kilijaribu kwenda Tahiti bila yeye. Usiku wa kwanza kilipinduka katika mlango wa bahari karibu na kisiwa cha Molokai. Eddie Aikau, mwokoaji mashuhuri wa waogeleaji, alichukua ubao wake wa kupanda mawimbi akaenda kutafuta msaada. Wenzake waliokolewa. Yeye hakuonekana tena.

Miongoni mwa waliokuwa wameshikilia chombo kilichopinduka alikuwemo kijana mmoja, Nainoa Thompson. Alimfuata Mau, akamwomba amfundishe. Na Mau, licha ya yote yaliyopita, alikubali.

Walisoma pamoja kuanzia mwaka 1979, lakini si darasani. Walikaa pwani alfajiri na magharibi, jua linapogusa bahari, wakitazama mawingu na kuulizana kesho pepo zitakuwaje. Nainoa, kwa upande wake, alikuwa akienda kwenye jumba la nyota la makumbusho ya Bishop mjini Honolulu, mahali ambapo anga lote huoneshwa kwa taa ndani ya kuba, na unaweza kuomba uoneshwe nyota za nchi yoyote uitakayo. Mafunzo yalipokaribia kwisha, Mau alimpeleka kwenye mwinuko mmoja wa pwani ya Oʻahu akamtaka anyooshe kidole upande wa Tahiti. Nainoa akanyoosha. Mau akamuuliza kama anakiona kisiwa. Kijana akafikiri, akajibu kwamba kwa macho hakioni, lakini sura yake anayo akilini. Mau akamwambia asije akaipoteza sura hiyo, maana akiipoteza na yeye amepotea. Kisha wakapanda gari wakarudi nyumbani.

Tarehe 15 Machi 1980 Hōkūleʻa iliondoka Hilo. Nainoa alikuwa ametimiza miaka 27 siku nne tu kabla. Chombo cha pili kilifuata nyuma kwa usalama. Hicho kilikuwa na vipimo vyote na kiliandika kila siku mahali walipo, lakini kilikatazwa kuwaambia. Na Mau alikuwemo Hōkūleʻa, amekaa, ananyamaza. Alikwenda kumtazama mwanafunzi wake.

Mnataka kujua wanaishije humo? Kila mtumbwi una ngama nyembamba, nayo imefunikwa kwa turubai, ndimo mnamolala. Ukilala chali, bega lako linagusa ubavu wa chombo, na nje ya ubavu huo bahari inapita. Kati yako na Pasifiki nzima pana unene wa ubao tu. Kazi ni kwa zamu, saa kadhaa kwenye kasia kubwa la usukani, kisha mapumziko, kisha tena. Upepo ukikaza, kasia hilo linahitaji zaidi ya mtu mmoja. Mnaoga kwa ndoo ya maji ya chumvi. Haja mnaendea ukingoni, mmejifunga kamba. Mshipi unakokotwa nyuma mchana kutwa, na siku samaki akinasa ni siku ya furaha, kwani mengine yaliyobaki ni makopo na vyakula vikavu. Maji ya kunywa yanapimwa. Kila kitu kimelowa, hata vile ambavyo havijalowa vina unyevunyevu wa chumvi usiokauka. Na kwa kuwa chombo kinakwenda joshi, yaani kinakazana karibu na upepo ili kisisukumwe magharibi, kila wimbi linaloivunjikia omo linamwagia rasharasha waliokaa sitahani.

Rubani hana zamu. Mabaharia wakienda kulala yeye yupo, wakiamka wanamkuta. Nainoa alikaa nyuma, ukingoni, akisinzia vipande vipande kisha anazinduka. Kwa nini? Kwa sababu asiye na ramani hujua mahali alipo kwa kukumbuka tu. Ni lazima ajue wamekwenda kwa kasi gani, upande gani, kwa muda gani, tangu siku ya kwanza mpaka sasa, na hesabu yote hiyo iko kichwani. Ukilala saa nane kama mnavyolala ninyi, hesabu imekatika. Usiku nyota zinazochomoza zinakuonesha pande. Mchana jua likiwa juu sana halisaidii, na hapo unategemea mawimbi makubwa ya mbali, yale yanayosukumwa na pepo za mahali usipopaona, yanayokuja kwa mpangilio ule ule siku nyingi. Rubani mzoefu huyahisi kwa makalio yake na mgongo wake. Mau alikuwa akilala ngamani na bado anajua kama chombo kimegeuka.

Usiku mmoja, walipokuwa kwenye ukanda wa shuwari karibu na ikweta, mawingu yalifunika anga lote, mvua ikanyesha, na upepo, badala ya kutulia kama inavyotarajiwa mahali hapo, ukavuma kwa nguvu kila mara ukibadili upande. Chombo kinakwenda kasi na rubani hajui kinakwenda wapi. Nainoa alichoka hata akaacha kuhangaika, akaegemea ukingo. Ndipo akahisi kitu kama joto upande mmoja, akajua mwezi uko kule, ingawa hauonekani kabisa. Akaamuru chombo kielekezwe kwa kuufuata. Baadaye mawingu yakapasuka kidogo, na mwezi ulikuwa pale pale alipouweka. Mimi sina maelezo ya jambo hilo, na yeye mwenyewe husimulia kwa mshangao. Naliacha kama lilivyo.

Sasa tuje mwisho wa safari.

Nyota ya Kaskazini, ambayo manahodha wa pwani yetu waliiita Jaa, ilikuwa imeshuka usiku hadi usiku mpaka ikazama nyuma yao, kwani kusini ya ikweta haionekani. Nyota za kusini zilikuwa zimepanda. Nainoa alikuwa na alama moja aliyoitambua mwenyewe kwenye lile jumba la nyota: Sirius na Pollux. Ukiwa kaskazini, Sirius hutua kwanza. Kadiri unavyoteremka kusini, Sirius huchelewa na Pollux huwahi, mpaka ukifika usawa wa Tahiti zinatua pamoja, moja huku, moja kule. Kwa hiyo kila usiku alizitazama zikishuka, na kila usiku pengo la kutua kwao lilikuwa limepungua. Akajua wako karibu.

Lakini karibu na nini? Kabla ya Tahiti, ukitokea kaskazini, kuna Tuamotu, karibu visiwa 80 vilivyojipanga kama jarife katika urefu wa kilometa 1,500 hivi. Rubani huvilenga hivyo kwanza. Akishakipata kisiwa kimoja, Tahiti iko siku mbili tatu tu mbele. Ubaya wake ni kwamba visiwa hivi ni pete za matumbawe zilizolala usawa wa maji. Ardhi yake imeinuka mita chache tu. Kinachoonekana kwanza ni vichwa vya minazi, na kutoka kwenye chombo kifupi utaviona ukiwa umebakiza kilometa 15 hivi, kukiwa kweupe. Kwa mwendo wa Hōkūleʻa hiyo ni saa moja na nusu. Usiku huvioni kabisa, unasikia tu mwamba ukikupasua. Mfaransa Bougainville alipita huko mwaka 1768 akavipa jina la visiwa vya hatari, na hakukosea.

Hapo ndipo ndege wanapoingia. Buabua ni ndege wa bahari, jamaa wa shakwe. Huvua mchana baharini, lakini usiku hurudi kulala nchi kavu. Buabua mweupe huenda mbali, marubani wa Hawaii humhesabia mpaka kilometa 200 kutoka kisiwani. Yule mweusi hazidi kilometa 60 hivi. Si kila ndege anafaa, maana wako wanaolala juu ya maji wenyewe, na ukimfuata huyo utazeeka baharini. Lakini ukimwona buabua mweupe, umepata habari. Na piga hesabu: kisiwa chenye urefu wa kilometa 10 tu, ukikiongezea kilometa 60 za ndege mweusi kila upande, kimekuwa shabaha ya kilometa 130. Nchi imejitanua kwa mbawa.

Kuna alama nyingine pia. Mawingu hurundikana juu ya kisiwa wakati mengine yanasafiri. Rangi ya wangwa wa ndani hupaka tumbo la wingu kijani hafifu. Mawimbi makubwa yakikigonga kisiwa hurudi nyuma au hupinda, na mtu anayeyajua huhisi mchanganyiko huo miguuni. Lakini ndege ndiye mwenye kauli ya wazi zaidi, kwa sababu anakuonesha upande. Nainoa alikuwa amefundishwa sheria yake: asubuhi ndege anatoka kisiwani kwenda kuvua, kwa hiyo kisiwa kiko alikotoka; jioni anarudi, kwa hiyo kisiwa kiko anakokwenda.

Baada ya siku karibu 30, jioni moja wakawaona buabua wawili weupe. Mabaharia wakapiga kelele za furaha. Nainoa hakufurahi, moyo ulimdunda. Ndege waliruka juu sana, giza likaingia, akashindwa kuwa na hakika ya upande. Na sasa nchi iko karibu, usiku umeingia, miamba iko mahali fulani. Akaamuru matanga yashushwe. Wakangoja hapo, chombo kikiyumba pasipo kwenda.

Alfajiri wote wakatoka, wakajipanga ukingoni kuzunguka chombo, kila mtu anatazama upande wake. Hakuna ndege. Jua likapanda, hakuna ndege. Fikirini uso wa rubani wakati huo, na watu wote wamekaa kimya wakimtegemea. Kisha mmoja akaona ndege anakuja kutoka nyuma, akapita juu yao, akaelekea kusini.

Nainoa akapiga hesabu haraka. Asubuhi. Ndege anatoka kisiwani kwenda kuvua. Ametokea kaskazini, nyuma yetu. Kwa hiyo kisiwa kiko nyuma, tumekipita usiku bila kujua! Akaamuru chombo kigeuzwe. Matanga yakapandishwa, omo ikaelekea kaskazini, wakaanza kurudi walikotoka.

Kwa siku zote zile Mau hakuwa ameingilia uamuzi hata mmoja. Alimwona mwanafunzi wake akisumbuka kwenye ukanda wa shuwari, akanyamaza. Alimwona akikonda kwa kukosa usingizi, akanyamaza. Asubuhi hiyo akaja karibu akamwambia Nainoa: geuza chombo, mfuate ndege. Hakusema zaidi.

Nainoa hakuelewa. Kila alichofundishwa, na aliyemfundisha ni huyu huyu, kilisema kinyume. Lakini aligeuza. Wakaelekea kusini, na njiani wakaona ndege wengine wakienda huko huko. Mau akawaambia wangoje saa moja, watakiona kisiwa. Wakangoja. Muda ulipofika, yule mzee akapanda juu ya ukingo, akatazama, akasema kisiwa kile pale. Vijana wote wakasimama. Wengine wakapanda milingoti, juu kabisa, macho yao mazima na makali kuliko yake, na bado hawakuona kitu. Ilibidi chombo kiende mbele zaidi ndipo minazi ikachomoza baharini, mahali pale pale alipoonesha.

Ndege alikuwa na samaki mdomoni.

Ndiyo siri yote. Wakati wote wanatazama ndege anatoka wapi na anakwenda wapi, Mau alitazama mdomo wake, akaona kisamaki kidogo. Na ndege anayevua kwa ajili ya tumbo lake hambebi samaki, anammeza. Anayebeba anampelekea mtu. Mau akajua kwamba ni msimu wa makinda. Wazazi walikuwa wametoka kabla ya mapambazuko, wamekwisha kuvua, na sasa asubuhi hiyo wanarudi kiotani kulisha watoto kabla ya kula wenyewe. Sheria ya asubuhi na jioni ilikuwa imepinduka kwa ajili ya makinda, na hilo mwalimu alikuwa hajawahi kumfundisha mwanafunzi wake, kwa sababu yako mengi, na mengine hayakumbukwi mpaka yatokee mbele ya macho.

Nimewahi kuulizwa na mtoto mmoja: mbona Mau hakusema tu tangu jana? Angeweza. Angeweza hata kuongoza safari yote, kama alivyofanya 1976, na Nainoa angekuwa abiria anayejifunza. Lakini abiria hajifunzi njia. Mau alitaka siku moja yeye asiwepo na chombo kifike. Kwa hiyo alimwachia kijana mzigo wote, mwezi mzima, pamoja na hofu yake, na akasema neno pale tu ambapo kunyamaza kungewarudisha watu wote nyuma walikotoka. Kuna walimu wanaopenda kusikika. Kukaa siku 30 karibu na mtu anayekosea kidogo hapa na kidogo pale, nawe unajua, na usimnyang'anye kasia, hiyo ni kazi ngumu kuliko kusoma nyota, na kwangu mimi ndiyo inayomfanya Mau awe mkubwa.

Kutoka Tuamotu hakukuwa na shaka tena. Mtu akishajua kisiwa kipi kiko mbele yake, amejua yuko wapi duniani. Tarehe 17 Aprili 1980 Hōkūleʻa iliingia Papeete. Nainoa alikuwa Mhawaii wa kwanza kwa karne nyingi kukivusha chombo umbali huo bila kifaa chochote. Kumbukumbu za chombo cha nyuma zilipolinganishwa na makadirio aliyokuwa akiyatoa kila siku, ilionekana kwamba picha aliyoibeba kichwani haikuwa mbali na njia halisi waliyopita.

Tarehe 13 Mei waligeuza omo kaskazini kurudi nyumbani. Kufika Hawaii ni jambo la namna nyingine kabisa, kwa sababu huko hutafuti minazi iliyolala majini, unatafuta Mauna Kea, mlima wa mita zaidi ya 4,200. Mlima huo hujificha mawinguni, hivyo unatazama mawingu: yote yanasogea na upepo, moja halisogei. Walifika mwanzoni mwa Juni, baada ya siku 24 hivi baharini.

Mwaka 2007, huko Satawal, Mau aliwapa Nainoa na Wahawaii wengine wanne daraja la pwo, cheo cha marubani wakuu wa visiwani kwake, ambacho yeye alikipata akiwa kijana wa miaka kama 18. Alifariki Julai 2010. Miaka minne baadaye Hōkūleʻa ilianza kuizunguka dunia, na mwaka 2015 ilivuka Bahari ya Hindi, ikapitia Morisi na pwani ya Msumbiji hadi Cape Town, ikiongozwa na wanafunzi wa Mau na watu waliofundishwa nao. Ilirudi Honolulu Juni 2017, na mpaka sasa bado inapandisha matanga.